Sekunde ya Kumi na Tisa

Kikombe kilitoa mlio mmoja mwembamba gizani, tii, kikanyamaza.

Subilaga aliujua mlio ule hata usingizini. Simu ilikuwa imesimamishwa ndani ya kikombe cha bati juu ya kabati la vyombo, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mtandao ulikamata bila kubembelezwa. Kila programu ilipojifunga yenyewe, simu ilitetemeka mara moja na ukingo wake ukaligonga bati. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri. Nje ilinyesha mvua ya Tukuyu, ile isiyo na haraka ya kwenda popote. Akajifunga khanga, akapita kwa ncha za vidole mbele ya kitanda cha mtoto, akaitoa simu kikombeni.

*Ukaribu umesimama,* maandishi yalisema. *Samahani kwa usumbufu.*

"Samahani yako nimeichoka," akanong'ona, akaifungua upya na kubonyeza ujumbe wa kwanza kwenye foleni.

Sauti ya mumewe ikajaa kiganjani. "Mama Tuse wangu, hamjambo huko? Mimi mzima, nimekula, nimelala. Jana Chengula kapika ugali ukaponyoka sufuriani, ukaelea, tumeufukuza chumba kizima na vijiko mkononi. Tuse hajambo? Mama naye, miguu haimsumbui? Na..."

Kioo kikawa cheusi.

Sekunde kumi na tisa. Kwa wiki tatu Subilaga alikuwa akizisikia sekunde hizo hizo, mpaka alijua Gwamaka anavuta pumzi wapi, anameza mate wapi, na kile kicheko anachokizuia kwenye neno "vijiko" kinaanzia puani. Baada ya "na" hakujua kitu. Nyuma ya ujumbe huo ulijipanga mwingine, na mwingine, ishirini na tatu kwa jumla, na hakuna uliofunguka kwa sababu wa kwanza ulikuwa umeziba mlango.

"Ameamka?" Tuse alikuwa ameshakaa kitandani, nywele zimesimama upande mmoja. "Mama, baba ameamka?"

"Dakika nne tu. Njoo."

Subilaga akaiwasha simu upya, akairudisha kikombeni. Mtoto akaruka chini. Miaka mitano, na alishajifunza kwamba simu ikiwashwa upya, baba wa humo ndani huongea kwa dakika nne kabla programu haijajaribu tena kufungua ule ujumbe na kuanguka. Kwa hiyo aliongea bila kituo. "Baba shikamoo nimeng'oka jino la chini nimelitupa juu ya bati Bibi kasema litaota jingine na paka wa kina Ipyana kazaa watano mmoja hana mkia!"

"Marahaba, mama yangu," sauti ikajibu palepale. "Hana mkia! Kauacha wapi?"

"Hajauacha, kazaliwa hivyo hivyo!"

"Basi huyo ndiye wa kwetu. Mama yako yuko hapo?"

"Yupo."

"Mwambie asisimame peku kwenye sakafu ya baridi."

Subilaga akaitazama miguu yake. Ilikuwa peku. Joto likampanda kifuani kama zamani alipokuwa akiambiwa maneno hayo hayo kila alfajiri, kabla ya safari, kisha aibu ikafuata nyuma ya joto, kama siku zote.

Kwa maana huyu hakuwa Gwamaka. Gwamaka alikuwa Mwambani, kwenye lile jiwe la chuma linalozunguka huko ng'ambo ya Mirihi, akitoboa miamba kwa mkataba wa miaka miwili na nusu. Neno likitoka mdomoni mwake lilisafiri dakika ishirini na saba kufika Tukuyu, na jibu dakika ishirini na saba nyingine kurudi. Ukimuuliza mtu "umekula?" unapata jibu ameshasikia njaa tena. Ndiyo sababu Kampuni iliwapa familia za wafanyakazi Ukaribu. Kabla ya safari Gwamaka alirekodiwa miezi miwili mfululizo, akicheka, akigomba, akimbembeleza mtoto, na kutokana na hayo simu ikafinyanga kivuli chake, kikakaa nyumbani kujibu papo hapo. Kila alfajiri furushi la maneno yake ya kweli lilipoingia, kivuli kilisikiliza pamoja na familia, kikajirekebisha pale kilipokosea, na jioni kikamtumia mwenyewe muhtasari wa mambo ya nyumbani pamoja na majibu ya maswali yake yote. Mtu mmoja mahali pawili, akishonwa kila siku asichanike.

Tii, kikombe kikasema. Dakika nne zilikuwa zimekwisha.

"Sijamwambia rangi zao," Tuse akasema.

* * *

Saa mbili asubuhi, Tuse akiwa chekechea, Subilaga alipiga simu dawati la msaada la Kampuni kwa simu ndogo ya vitufe ya mama mkwe wake. Kijana aliyepokea alijitambulisha kuwa Fanuel.

"Pole sana, dada. Umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Kaka Fanuel, nimeizima na kuiwasha mpaka kitufe kimelegea."

"Kumbukumbu za muda umefuta?"

"Nimefuta. Na nafasi ipo, nimetoa picha zote za kumuaga bibi harusi wa kanisani kwetu, na ananinunia mpaka leo. Programu nimeipandisha toleo jipya. Ruhusa ya kipaza sauti imewashwa, tarehe ni sahihi, betri haichemki. Niliyoyafundishwa darasa la jioni nimeyamaliza yote."

"Ahaa, kumbe naongea na fundi." Akacheka kidogo. "Basi twende ndani. Fungua mipangilio, shuka mpaka chini kabisa, kuna daftari la makosa. Nisomee mistari ya mwisho kabla haijaanguka."

Subilaga akashuka. Kwenye darasa lile, pale shule ya msingi chini ya balbu moja, mwalimu alikuwa amewaambia kwamba programu haifi kimya. Kila inayoanguka huandika ilikuwa inafanya nini. Akaanza kusoma kwa sauti.

"Sekunde ya kumi na tisa. Swali limepokelewa. Mada..." Akasita. "Mada, baba wa mhusika. Jibu la kweli: limefungwa na mwenye simu. Jibu lingine: si kweli, haliruhusiwi. Jaribu tena. Jaribu tena. Jaribu tena..." Kidole kikaendelea kusukuma na ukurasa ukaendelea kushuka. "Kaka, zimejaa hizi tu."

"Inazunguka mpaka nguvu zinaiishia," Fanuel akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua uchangamfu. "Dada, mzee wake yupo?"

Subilaga akakaa juu ya kigoda.

Mzee Asegelile Mwaisumo, baba yake Gwamaka, alikuwa amefariki miezi saba iliyopita, kifua kilipombana katikati ya masika. Jioni ya maziko wazee wa ukoo walikaa wakakubaliana kitu ambacho hakikuhitaji mjadala mrefu. Mtu akiwa mbali hapelekewi habari ya msiba. Anasubiriwa arudi, akishaoga na kula, wakubwa wanamkalisha chini na kumweleza taratibu, huku wenzake wamemzunguka. Lakini simu ilikuwa imeshinda sebuleni siku nzima, kivuli kilisikia vilio na nyimbo, na jioni ile ile kingemtumia Gwamaka muhtasari. "Mama Tuse, si umesoma wewe?" mama mkwe alimwambia. "Hebu uzibe huo mdomo wa simu." Na Subilaga aliuziba. Aliingia ndani ya mipangilio na kuifungia mada moja isitoke nje, wazee wakitazama juu ya bega lake. Baba mdogo mmoja alisema kumbe elimu ya jioni nayo ni elimu, naye akaona fahari. Ilikuwa mara ya kwanza ujuzi wake kuifaa nyumba ile.

Miezi ile ya mwanzo Gwamaka alisema tu "wasalimieni wote," na salamu ya wote haikuuliza kitu. Sasa alikuwa ameuliza kwa jina.

"Yupo?" Fanuel alirudia kwa upole.

"Hayupo. Na mume wangu hajui. Kufuli ni langu."

"Basi simu haina ubovu," kijana akasema. "Umeikataza kusema kweli, na sisi tumeikataza kusema uongo. Njia ni mbili, dada. Ukitoa kufuli leo, habari itaingia kwenye muhtasari wa jioni. Lakini nikwambie ukweli, muhtasari ni karatasi. Itakaa kati ya hali ya mbolea na karo ya shule. Mstari mmoja."

"Na ya pili?"

"Tunakirudisha kivuli nyuma miezi saba. Kinasahau msiba, kinaamini mzee yupo, kinamjibu mumeo kwamba mzee hajambo. Ukaribu unatembea kuanzia leo mchana. Wengi huchagua hiyo. Ila itabidi mtoto aelekezwe asitaje, maana akikiambia kivuli mzee amefariki, mgongano unaanza upya." Akaongeza, "Na uamuzi ni wa leo. Kesho asubuhi Jua linaingia katikati yetu na Mwamba. Leo saa mbili usiku mawasiliano yanakatika, hayarudi mpaka zipite siku arobaini."

* * *

Tuse aliporudi kutoka chekechea Subilaga alimpa uji, akakaa mbele yake, akajaribu. Hakujivunia, lakini alijaribu. Siku arobaini zilikuwa nyingi, na sauti ile ilikuwa inasema asisimame peku.

"Tuse, mtu akikuuliza babu yuko wapi, utasema nini?"

"Kaburini."

"Eheh. Sasa akikuuliza baba wa kwenye simu, usiseme hivyo. Sema babu amelala."

Mtoto akafikiri, kijiko mdomoni. "Amelala kaburini?"

"Hapana. Amelala tu. Chumbani."

"Chumbani kwake kuna magunia ya viazi."

"Najua, mama. Ni kusema tu."

"Akisema tumwamshe?"

Subilaga akampangusa mtoto uji kidevuni. Aliona siku arobaini zikijipanga, na baada yake miezi kumi ya mkataba, na kila asubuhi mtoto huyu akisimama hapa akipanga uongo mdogo mdogo kwa uangalifu, kwa mtu anayemwita baba. Na aliona upande wa pili vilevile. Mwanaume amefungwa kwa kamba moja juu ya jiwe lisilo na hewa, mashine inayotoboa chuma iko mikononi mwake, na kichwani ana kaburi.

"Kunywa uji," akasema.

* * *

Mama mkwe wake, Bibi Syabumi, alikuwa jikoni akimenya ndizi, kidumu cha maji amekikalia kama kiti. Alisikiliza habari yote bila kuinua macho.

"Kwa hiyo shule yako ya jioni ndiyo imetufikisha hapa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sikutukani. Nilikutuma mwenyewe." Ganda likaanguka ndooni. "Kirudishe nyuma hicho kidude. Mimi sijawahi kukisalimia na sitakisalimia, simjui mama yake. Lakini kama kitamwambia mwanangu baba yake hajambo, kiseme. Unajua kazi ya kule. Mkono ukimtetemeka mara moja tu, nitazika wawili kwa mwaka mmoja, na wa pili sina hata mwili wake."

Hofu ile ilikuwa ya Subilaga pia. Alichokuwa nacho ni kitu kimoja tu. Tangu Fanuel alipokata simu alikuwa akiwaza kwamba furushi ni sauti tu iliyofungwa ndani ya ganda la programu, na ganda linaweza kufunguliwa. Kivuli kisipokuwepo kusikiliza, hakuna wa kuulizwa, na hakuna kitakachoanguka.

"Mama, kabla hatujaamua, tumsikilize. Mwenyewe. Nafikiri naweza kumtoa humo ndani."

Kisu kikasimama.

Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Alinakili mafurushi yote kwenye kadi ndogo, akaikosea mara mbili, akabadilisha mwisho wa majina yake moja baada ya jingine, kisha akayafungulia kwenye kinasa sauti cha kawaida, kile kisichojua lolote kuhusu mtu yeyote. Bibi Syabumi alinawa mikono, akaikausha sana kuliko ilivyohitajika, akakaa karibu.

Ugali ukaelea. Vijiko. Tuse hajambo, mama naye, miguu. "Na..." Subilaga akashika pumzi. "Na baba je? Mbona siku hizi simsikii akikohoa nyuma yenu? Mwambieni anitukane hata kidogo, nijue yupo."

Bibi Syabumi akatoa sauti ndogo kooni.

Wakaendelea. Ilikuwa ajabu kumsikia Gwamaka wa kweli baada ya kivuli. Alikuwa amechoka zaidi. Sauti ilikuwa imekwaruza, alikohoa, alipoteza alichokuwa anasema akarudi nyuma. Subilaga hakuwa amejua kiasi gani alikikosa kikohozi chake, na machozi yalimshuka kwa sababu ya hicho, siyo kwa maneno.

Ujumbe wa saba: "Mama Tuse unaniambia simu inastaki, inaganda. Basi narudia, baba hajambo? Au kaninunia kwa sababu sikumaliza ukuta wa zizi? Mwambie nikirudi naanza na huo."

Wa kumi na tano: "Hivi hiyo simu inastaki kwa baba tu? Habari za mbuzi napata, habari za mchungaji napata." Alijaribu kucheka, na kicheko hakikuanzia puani.

Wa ishirini na tatu ulikuwa wa alfajiri ile ile. "Hamjambo. Mimi mzima. Tuse hajambo? Mama hajambo?" Kukawa kimya. Nyuma yake mashine za hewa zilisikika zikivuta na kutoa. Kimya kikarefuka mpaka wanawake wawili wakatazamana. "Haya," Gwamaka akasema. "Nakwenda kazini."

Mvua ilikuwa imeacha. Maji yalidondoka kwenye majani ya migomba.

"Hakuuliza," Bibi Syabumi akasema.

"Hakuuliza, mama."

"Rudia."

Akarudia. Mama mzee aliinamisha sikio mpaka likagusa kioo, akausikiliza ule ukimya wote kuanzia mwanzo hadi mwisho kama mtu anayesikiliza mtoto anapumua.

"Namkinga," akasema mwishowe. "Miezi saba najiambia namkinga. Kumbe nimemwacha analia peke yake, halafu hata hajui kama analia kwa haki." Akajifuta uso kwa upande wa mkono. "Na kazini kaenda hivyo hivyo. Huo si ndio mkono unaotetemeka?"

"Nilifunga mimi, mama."

"Ulifunga kwa amri yangu. Sasa fungua kwa amri yangu pia, usije ukasema nimekubebesha." Akainuka, magoti yakalia. "Lakini siyo kwa karatasi ya mbolea. Atasikia kwa mtu wake. Na nani atakaa naye? Mtu haambiwi habari hii akiwa peke yake, Mama Tuse. Hapo sitoki."

Jibu la hilo Subilaga alikuwa nalo tangu aliposikia habari ya Chengula na ugali ulioelea.

* * *

Saa kumi na moja kasoro jioni alimrekodia Chengula ujumbe mfupi, nje ya Ukaribu, kwa njia ya kawaida ambayo haina kivuli. Hawakuwahi kuonana. Alijua tu kwamba ni mtu wa Makete, anapika vibaya, anaimba akioga.

"Shemeji Chengula, shikamoo. Mimi ni mke wa Gwamaka. Nakuomba leo jioni usiache aende nje, na usimwache peke yake. Baba yake alifariki, nasi tulimficha. Nitamwambia mwenyewe. Wewe kaa naye tu, kama tungekaa naye sisi."

Akatuma. Dakika ishirini na saba za kwenda. Alipika. Dakika ishirini na saba za kurudi. Tuse aliuliza mara nne kwa nini hawafungui baba wa simu, na mara ya nne Bibi Syabumi akamvuta kwenye paja lake.

"Leo tunamngoja yule wa mbali," akamwambia. "Yule ndiye mwanangu."

"Anachelewa kujibu."

"Anachelewa, ndiyo. Yuko mbali."

Jibu liliingia saa kumi na mbili kupita kidogo. Sauti nzito, ya polepole. "Marahaba, shemeji. Pole, na poleni wote hapo nyumbani. Nimeelewa. Nimemwambia kiongozi wa zamu, Gwamaka hatoki leo wala kesho, na kesho kutwa tutaona. Tuko wanne hapa, tumemkalisha mezani, tunacheza bao. Ameshatushtukia, maana namwachia ashinde. Leteni."

Bibi Syabumi alimwambia Subilaga amrudishie shukrani, kisha akasema hapana, muda hautoshi, shukrani zitapanda baada ya Jua.

Wakakaa chini kwenye mkeka, watatu. Subilaga aliiweka simu juu ya kigoda. Alikuwa amepanga kwamba atatuma kwanza sauti, ndipo atoe kufuli, ili muhtasari ukimfikia umkute ameshasikia kwa watu. Kivuli nacho kingejirekebisha chenyewe, au kingeshindwa. Hilo halikumtia wasiwasi tena. Upande wa kutuma ulifanya kazi, duara jekundu liliwaka, kilichobaki ni maneno.

"Anza wewe, mama," akasema. "Ndiyo taratibu."

"Nikianza mimi atasikia kilio tu. Sema wewe. Mimi nipo."

Mara ya kwanza alisema kwamba mzee ametutangulia, akasikia jinsi ilivyofanana na tangazo la redioni, akafuta. Mara ya pili alisema mzee amepumzika, na akamkumbuka Tuse na magunia ya viazi, akafuta. Mara ya tatu alizunguka mbali, kuanzia kifua, masika, gari la hospitali lililokwama kwenye tope, na alipokaribia akakuta ameanza kuomba msamaha badala ya kusema. Akafuta. Saa moja kamili. Alihesabu kwa vidole: ishirini na saba za kwenda, ishirini na saba za kurudi. Kama angetaka kumsikia hata mara moja kabla ya siku arobaini, dakika zilikuwa zinakwisha hapo hapo mkekani.

Duara jekundu likawaka tena.

"Gwamaka," akasema. "Mume wangu. Hamjambo huko. Sisi tupo hapa chini kwenye mkeka, mimi, na mama, na Tuse. Nimesikia ujumbe wako wote leo. Nimekusikia ukikohoa. Simu haikuwa mbovu. Nilifunga jambo mimi, kwa mikono yangu, tukidhani tunakuhurumia, na wewe ukawa unauliza na kuuliza. Ulipoacha kuuliza ndipo tukaogopa. Chengula na wenzako wanajua, wako hapo kwa sababu hiyo, washike. Sikiliza. Mzee wetu..." Akameza mate. "Mzee wetu, Gwamaka, wakati ule wa masika, mzee ali..."

Neno lilikuwa fupi. Lilikaa mlangoni mwa meno yake likakataa kutoka. Sekunde zikapita, moja moja, kwenye kioo. Akasikia pumzi zake mwenyewe zikirekodiwa, akajua kwamba mahali fulani ng'ambo ya Jua mtu atazisikia pumzi hizi na kuzielewa kabla ya neno, na kwamba huo nao ni ukatili. Kidole gumba chake kikasogea kwenye alama ya kufuta.

Mkono wa Bibi Syabumi ukaja juu ya mkono wake, mzito, wenye harufu ya ndizi mbichi, ukakizuia kidole pale kilipokuwa.

Tuse aliwatazama wote wawili. Alishuka kutoka pajani kwa bibi yake, akapiga magoti mbele ya kigoda, akaisogelea simu mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na akasema kwa sauti yake ya kawaida:

"Baba, babu alikufa."